BBC Micro ya mjomba: mlio mmoja usiokatika, skrini nyeusi, na Jumamosi mwenyewe anakuja

fundi_kambini (Mbale), Jumatatu usiku

Jamani, salaam. Mimi ni fundi wa simu na redio hapa Mbale. Baba alikuwa askari, nimekulia kambini, ndiyo maana naandika Kiswahili na si lugha ya kwetu. Vya leo navifungua hata gizani, lakini kilichoko mezani sasa kinanitoa jasho kwa sababu kimenizidi umri: mimi nimezaliwa 1988, chenyewe kilishuka Entebbe 1986.

Ni BBC Micro, Model B, kompyuta ya Uingereza ya miaka ya themanini, mali ya mjomba. Alikuwa mwalimu wa hesabu, akapata nafasi ya kwenda kusoma Uingereza, na siku ya kurudi wenzake walibeba suti na blanketi, yeye kakumbatia hii. Mama anasema bibi alilia. Si kwa furaha, alikuwa akitegemea cherehani.

Mjomba aliitumia miaka kadhaa, kisha ikaingia kwenye tranki la bati huko Sironko, juu yake magunia ya kahawa, ikalala zaidi ya miaka 30. Mwezi jana nikaiomba. Akasema, "Chukua. Ikiwaka, niite." Sasa Jumamosi hii anashuka kuja kliniki ya macho, na mimi kwa mdomo wangu huu nimeshamwambia kwenye simu kwamba iko karibu kuwaka.

Nilichofanya ni hiki. Nilitoa skrubu nne zilizoandikwa FIX, mbili nyuma na mbili chini, kifuniko kikainuka. Ndani nikakuta vumbi, maganda ya kahawa na mayai ya mende. Nikapiga brashi. Plagi ni ya pini tatu za bapa kama zetu, umeme ni ule ule wa 240, basi nikachomeka nikawasha. Ikaanza kulia, buuuuu, mlio mzito. Nikangoja. Dakika ya pili ikapasuka kitu, pa! Ukafuata moshi mweupe na harufu iliyomtoa hadi mama wa chapati wa jirani.

Nikafungua lile sanduku la umeme la upande wa kushoto. Kapasita mbili za manjano, zile za ganda ambalo unaona ndani yake: kubwa imepasuka kama embe bovu, ndogo ina nyufa kila pembe. Nikang'oa zote, nikaweka za X2 (aina ya kukaa kwenye umeme wa ukutani) kutoka bodi za televisheni zilizokufa, 0.1 na 0.01 mikrofaradi, kama zilivyokuwa.

Moshi umekwisha, lakini hali ni ile ile. Nikiwasha, mlio mzito unaanza na haukatiki. Taa ya CAPS LOCK na ya SHIFT LOCK zote zinawaka. Nikibonyeza BREAK, kitufe cha kuianzisha upya, hakuna kinachobadilika. Skrini ni nyeusi tii. Televisheni haina tatizo, nimeijaribu na deki. Tundu la picha la mashine ni la kuzungusha, lile wanalotumia mafundi wa kamera za ulinzi, kwa hiyo nilipata adapta kwa jamaa wa kamera hapa hapa mtaani, shilingi 3,000, nikaingiza kwenye AV.

Prosesa imekufa? Nimeona 6502, ndiyo prosesa yake, inauzwa Uingereza, bei si mbaya, ila usafiri unazidi chipu yenyewe mara tano. Niagize au nisubiri?

mzee_kibokoni (Mombasa), Jumatatu usiku

Bwana fundi, rudisha pochi mfukoni. Usiagize kitu.

Ngoja nikueleze mlio huo, maana ukiuelewa nusu ya kazi imekwisha. BBC Micro nzima ikiwashwa hutoa milio miwili: wa kwanza mzito, wa pili mwembamba na mfupi. Watu wengi hudhani ule mzito ni salamu. La. Chipu ya sauti, SN76489, ikipata umeme tu huanza kupiga kelele yenyewe, hakuna aliyeituma, kama mtoto aliyeamshwa gizani. Programu kuu iliyomo kwenye ROM (chipu ya kumbukumbu isiyofutika) ndiyo inapoamka huinyamazisha, halafu inagonga ule mwembamba kusema niko tayari. Yako haijanyamazishwa. Yaani wa kunyamazisha hakufika.

Kwa nini hakufika? Huweza kuwa prosesa, lakini katika zote nilizozifungua toka miaka ya themanini (shule moja huku ilikuwa nazo sita, nilizilea kama mbuzi) prosesa niliyobadilisha ni moja tu, na hiyo mtu aliichomeka kinyume. Kwanza umeme. Pili miguu ya chipu na soketi zake. Tatu ndiyo uanze kushuku chipu.

Kutoka sanduku la umeme zinakuja nyaya nyekundu tatu, nyeusi tatu, na zambarau moja ya volti −5. Nyekundu zote ni volti 5, na utasema basi moja ingetosha. Haitoshi, kila moja inalisha eneo lake la bodi. Ikilegea moja, mtaa mzima umelala na mtaa wa pili unawaka taa. Pima zote tatu, mashine ikiwa imewashwa na kibodi imechomekwa, na kipimo ukiweke kwenye kijibati cha bodi, si kwenye waya. Chini ya 4.75 chipu hizi huanza kuota.

Na kitu kimoja naomba usikichukulie mchezo. Ndani ya sanduku la umeme kuna kapasita moja nene. Umeme wenu wa 240 ukishanyooshwa unafika volti 340 hivi, na kapasita hiyo inazishika hata ukishachomoa plagi. Mimi ilinirusha kutoka kwenye stuli mwaka 1991, na stuli ikanifuata.

kijana_ntinda (Kampala), Jumanne asubuhi

Kaka, mnajitesa bure. Kuna programu zinazoiga BBC Micro, unazifungua kwenye kivinjari tu. Au nunua Raspberry Pi, ile kompyuta ndogo ya bodi moja, ifiche ndani ya ganda lile lile, funga skrubu zako za FIX. Mzee akibonyeza maandishi yanatoka, anafurahi, anakwenda kliniki. Atajuaje?

fundi_kambini

Atajuaje? Huyu mjomba, nilipoiba majibu ya hesabu ya jirani darasa la tano, alinijua kwa kutazama tu nilivyoshika kalamu. Nikimdanganya kwa mashine yake mwenyewe nitahama Mbale.

mzee_kibokoni

Kijana wa Ntinda, wazo lako si baya kwa mtu anayetaka kucheza michezo ya zamani. Lakini jua unachosema. Hiyo Raspberry Pi inaendeshwa na prosesa ya ARM, kama ilivyo simu uliyoshika. ARM ilizaliwa kwenye kampuni ya Acorn, pale Cambridge, kwa hao hao waliotengeneza BBC Micro. Chipu ya kwanza kabisa, mwaka 1985, waliijaribu ikiwa imechomekwa kwenye BBC Micro. Unataka kumvisha mjukuu kanzu ya babu aende akapokee mahari.

kijana_ntinda

Mzee umenimaliza 😂 Basi niko pembeni naangalia.

fundi_kambini, Jumanne usiku

Mzee wa Kibokoni, shikamoo. Nimepima.

Ya kwanza 5.04. Ya pili 5.01. Ya tatu 4.38!

Nikachomoa ile ya tatu. Kijibati cha bodi kimevaa koti la kijani, na kibano cha waya kimepanuka, kinacheza kama jino la mtoto. Inaelekea mende walikuwa na choo pale. Nikasugua kwa msasa laini mpaka kikang'aa, nikakifinya kibano kwa koleo, nikarudisha. 5.02. Hizo mbili nyingine nikazifanyia hivyo hivyo ingawa hazikulalamika.

Nikawasha. Buuu... PIP!

Chai yote ikaishia kwenye oda za watu. Naapa, miaka kumi na tano nafanya kazi hii sijawahi kufurahia mlio kiasi hicho. Taa ya SHIFT LOCK ikazimika, CAPS LOCK ikabaki peke yake. Kwenye televisheni yakaja maandishi meupe:

BBC Computer 32K

Language?

Basi. Imekwama hapo. Inaniuliza lugha, jamani! Nikabonyeza K niandike Kiswahili, herufi haikutokea. Nikasema labda ni Mugisu wa huku kwetu kama mjomba, nikajaribu neno la kwao, hata nukta. Nimezima nikawasha tena, inalia pip vizuri, inauliza tena lugha ile ile. Hapa nimeambiwa nini?

mwl_wa_saketi (Arusha), Jumanne usiku

Hongera sana kaka. Mimi nafundisha vijana umeme na vifaa vya elektroniki, na mashine hii ninayo moja darasani kwa sababu ndiyo pekee ambayo naweza kuwaonyesha kila chipu na kazi yake bila darubini.

Haikuulizi lugha ya mama yako, ndugu yangu, inauliza lugha ya programu. Ndani yake kuna ROM mbili zinazohitajika. Moja ni mfumo wenyewe, kwenye soketi iliyoandikwa IC51. Hiyo ni nzima, la sivyo usingeona neno hata moja. Nyingine ni BASIC, lugha ya kuandikia programu. Mfumo ukishaamka unazunguka kwenye soketi za pembeni ukitafuta ROM yoyote inayojitambulisha kuwa ni lugha, ili uikabidhi usukani. Usipoipata unabaki mlangoni na swali hilo. Na ndiyo maana kibodi haikujibu. Haijafa, ila hakuna wa kumpelekea herufi.

Tazama pia ile "32K". Hiyo ni habari njema ambayo watu huipita. Nusu ya kumbukumbu ingekuwa na hitilafu ungeweza kuona 16K. Chipu zako kumi na sita za kumbukumbu zimepita usaili wa kwanza.

Sasa toa kibodi, angalia ukingo wa mbele wa bodi upande wa kulia. Kuna soketi tano za miguu 28 zimejipanga: ya mfumo, halafu nne za pembeni, IC52, IC88, IC100 na IC101. Kiwandani BASIC ilikaa IC52, lakini mwenye mashine aliweza kuihamisha. Piga picha kabla ya kugusa, kile kidonda cha nusu duara kwenye ncha ya chipu kielekee vile vile ulivyokikuta. Kwanza bonyeza tu kwa kidole gumba, taratibu, ncha hii na ncha ile. Chipu zinapopata moto na kupoa kwa miaka hupanda zenyewe kutoka kwenye soketi, nusu milimita kwa nusu. Ikishindikana, ing'oe, tazama miguu. Ikiwa imegeuka myeusi, kifutio cha penseli kinatosha. Na kabla hujagusa, shika kitu cha chuma kilichounganishwa na ardhi, hizi haziupendi umeme wa nguo ya nailoni.

fundi_kambini, Jumatano mchana

Dada mwalimu, kubonyeza hakukusaidia. Nikasema ning'oe.

Nilitumia bisibisi ndogo bapa, nikainua ncha ya kushoto kidogo, ya kulia kidogo, kama mtu anayefungua soda asiyetaka ifoke. Ikatoka. Nikaigeuza kwenye mwanga. Miguu yote ni myeusi kama masizi ya sufuria, na niliyohesabu ni 27.

Wa 28 umebaki kwenye soketi.

Nilikaa chini. Mama wa chapati akauliza kama nimefiwa.

kijana_ntinda

Raspberry Pi bado ipo kaka, nasema tu.

mwl_wa_saketi

Usimsikilize. Mguu umekatikia wapi? Kama kuna kijinundu cha chuma kinachochungulia pembeni mwa mwili wa chipu, hata nusu milimita, umepona. Kikwaruze mpaka uone rangi ya chuma kipya, kipake risasi ya kulehemu haraka, kisha shikiza kipande cha mguu wa rezista. Usikae na pasi ya kulehemu pale zaidi ya sekunde mbili tatu. Halafu kuna ujanja: ukishaunga, usiichomeke chipu moja kwa moja kwenye soketi ya bodi. Ichomeke kwanza kwenye soketi nyingine mpya ya miguu 28, ile yenye pini za mviringo, kisha soketi hiyo ndiyo uiingize kwenye bodi. Mguu wako wa bandia hautasukumwa tena.

Angalia tu kama kibodi kitakaa vizuri juu yake.

mzee_kibokoni

Na mguu uliobaki utoe kwa sindano ya kushonea. Mashine imezimwa! Nakujua ulivyo na haraka.

fundi_kambini, Alhamisi usiku

Kilikuwepo kijinundu. Kidogo kama kichwa cha sisimizi, lakini kilikuwepo.

Nilifunga mlango wa kibanda ili wateja wasinisemeshe. Nikakwaruza kwa ncha ya wembe. Mguu wa rezista nikauchukua kwenye redio ya zamani, ule mwembamba, nikaupaka risasi kwanza wenyewe. Nikashika pumzi. Mara ya kwanza ukaanguka. Mara ya pili ukashika ukiwa umepinda. Mara ya tatu ukasimama sawa na ndugu zake. Miguu mingine 27 nikaifuta mmoja mmoja kwa kifutio cha mtoto wangu wa darasa la pili, ambaye leo amekwenda shule bila kifutio na amenishitaki kwa mama yake.

Soketi ya pini za mviringo sikuwa nayo. Nilikuwa na ya kawaida kutoka bodi ya kipokezi cha zamani, nimetumia hiyo.

Buuu, PIP.

BBC Computer 32K

BASIC

>

Hicho kimkuki na mstari unaopepesa. Sikubonyeza kitu. Nimezima. Mtu wa kwanza kuandika ni mwenyewe.

Mzee wa Kibokoni, swali dogo: umeme wetu hapa jioni huwa unapanda na kushuka, mita yangu imeshawahi kunionyesha 258. Niweke stabilaiza?

mzee_kibokoni

Weka, tena weka hata mchana. Usije ukaiwasha kwa inveta ya bei rahisi ya sola, zile ambazo mawimbi yake ni ngazi ngazi. Kapasita za X2 zinaumia nazo. Na ukiwa na siku ya nafasi, ndani ya lile sanduku kuna kapasita nyingine ndogo ya 220 mikrofaradi. Ikizeeka sanduku linakataa kuanza, au linaanza mpaka ulizime na kuliwasha mara tatu. Haijakusumbua, lakini ni umri ule ule na zilizopasuka.

mwl_wa_saketi

Na kama mjomba atauliza rangi: tundu hilo la picha kiwandani lilitoka likitoa nyeusi na nyeupe tu. Kuna kiungio kimeandikwa S39 kwenye bodi, ukikiunga kwa risasi unapata rangi. Lakini usikiguse kabla ya Jumamosi, tafadhali!

fundi_kambini, Jumapili

Amekuja.

Alifika saa nne, daktari amemtia dawa ya macho, anapepesa kama bundi mchana. Nikadhani atasema aahirishe. Akavuta kiti, hakunisalimia mimi, akapitisha kiganja juu ya ganda la mashine kama unavyompangusa ng'ombe. Kisha akaiwasha mwenyewe. Mkono ulijua swichi iko wapi, nyuma kule, bila kutafuta.

Buuu, PIP. Akatikisa kichwa mara moja. Akavaa miwani, akasogea mpaka pua ikakaribia skrini, akaandika kwa vidole viwili:

10 FOR I=1 TO 12
20 PRINT I*7
30 NEXT

Sasa sikilizeni. Mimi Alhamisi ile BASIC ilipotokea sikugusa kibodi, kwa hiyo sikujua kwamba herufi R haishiki. Nikamwona amefika kwenye FOR, nikaona kwenye skrini imekuja FO, nikaanza kutoka jasho. Nikasema, "Mjomba, subiri, hicho kitufe nitakifungua." Yeye wala hakunitazama. Akaweka kidole gumba kwenye pembe ya juu kushoto ya kitufe cha R, akakandamiza kwa kuzungusha kidogo kama anayezima sigara, R ikaja. Kwenye PRINT akafanya vile vile. Kwenye RUN vile vile.

"Hii R," akasema, "ni mbovu tangu 1989."

Saba, kumi na nne, ishirini na moja, mpaka themanini na nne. Akazisoma zote kwa sauti. Mama wa chapati alikuwa mlangoni, akampigia makofi.

Nilimuuliza nikitengeneze kitufe. Akasema nikiache.

Halafu akatoa kaseti mfuko wa shati. Imeandikwa kwa kalamu S4 MATOKEO, yaani kidato cha nne. Anasema aliandika programu ya kujumlisha alama za mitihani ya darasa zima na kupanga nafasi, walimu wenzake wakiwa bado wanatumia daftari na rula, na kwamba mwalimu mkuu hakuamini, akajumlisha upya kwa mkono siku mbili, akapata jibu lile lile. Waya wa kaseti ulikuwa umo kwenye tranki. Tukaandika CHAIN"", tukabonyeza kinasa sauti changu. Ikaandika Searching. Ikaandika Loading, jina, 00, 01, 02, halafu ikaandika Data? na chini yake Rewind tape. Tumerudisha mkanda mara nne, haivuki 02.

Mjomba amepanda gari la saa kumi kurudi Sironko. Kaseti ameniachia. Nianzie wapi?

tabora_kaseti (Tabora), Jumapili usiku

Kwanza acha kuicheza! Kila ukiicheza unaikwangua. Mkanda wa umri huo una mara chache za kuishi.

Fungua kaseti, utazame kile kisponji kidogo cha katikati kinachosukuma mkanda kwenye kichwa cha kinasa. Kwa kaseti za zamani gundi yake hukauka kikaanguka, na bila hicho sauti inakuja inaondoka. Kama hakipo, hamishia mkanda wote kwenye ganda la kaseti nyingine nzima. Safisha kichwa cha kinasa kwa pamba na spiriti. Kisha cheza MARA MOJA, urekodi kwenye simu au kompyuta kama faili ya WAV, usiibane kuwa MP3. Mashine hii husikiliza sauti mbili tu, ya mizunguko 1200 na ya 2400 kwa sekunde; ukiibana simu inakata pembe zake. Baada ya hapo unaichezea mashine kutoka kwenye simu mara elfu ukitaka.

Kabla ya kurekodi, kuna skrubu ndogo kando ya kichwa cha kinasa. Cheza sehemu ya mwanzo tu, ule mlio mrefu, ukiizungusha robo robo mpaka mlio uwe mkali kabisa masikioni. Kinasa kilichorekodi 1987 hakikuwa kimesimama sawa na chako.

fundi_kambini, Jumatano

Kisponji hakikuwepo, nimekikuta chini ya ganda kimekuwa unga. Mkanda nimeuhamishia kwenye kaseti ya kwaya, niliomba ruhusa. Skrubu nimeizungusha nusu mzunguko mzima kabla mlio haujawa mkali. Nimerekodi. Sasa nacheza kutoka kwenye simu, sauti robo tatu, na inavuka: 03, 04, mpaka 09, 0A, halafu ndipo inaandika Data?

Mjomba anapiga simu kila jioni, haulizi hali. "Imefika ngapi?"

Leo nikamwambia, "0A."

"Hiyo ni kumi," akasema. "Inaishia 13."

Nikamwambia basi zimebaki tatu tu, kesho tunamaliza. Akanyamaza kidogo, halafu nikasikia ile sauti ya darasa la tano. "Mashine hiyo inahesabu kwa kumi na sita. Hiyo 13 ni ngapi?"

Nilichukua kalamu. Ni kumi na tisa.